Nilivyoisoma Mombasa ya 1635

Karibu mwezi mzima niliutazama mchoro ule kwenye kompyuta bila kuuelewa. Ni mchoro wa kisiwa cha Mombasa, uliochorwa kwa mkono na kutiwa rangi na Pedro Barreto de Resende kwa ajili ya kitabu cha ngome za Wareno alichokiandika António Bocarro mwaka 1635. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale. Nilidhani nitaitambua kwetu papo hapo, na sikuitambua.

Kwanza niliulaza juu ya picha ya setilaiti. Nikiishika Ngome ya Yesu ikae mahali pake, Makupa, kivuko cha kwenda bara, inakimbia; nikiivuta Makupa, bandari ya Kilindini inapanda nchi kavu. Nilikuwa nimezoea ramani za Kapteni William Owen, aliyeipima pwani yetu kwa meli za Leven na Barracouta miaka ya 1820. Zile zimejaa tarakimu za vina, na kila tarakimu ni pima walizozihesabu mabaharia baada ya kutupa bildi, risasi ya kupimia kina. Nahodha anaweza kuingilia bandarini kwa ramani kama hiyo. Mchoro wa Resende kazi yake ilikuwa nyingine: kumwonyesha mfalme aliyekaa Madrid (Ureno wakati huo ilikuwa chini ya taji la Hispania) kile alichokuwa nacho na jinsi kilivyolindwa. Ndiyo maana ngome ni kubwa kupita kiasi cha kisiwa chenyewe.

Nilipolikubali hilo, niliachana na vipimo. Nikauchapisha mchoro kwenye karatasi, nikaanza na majina, nikiyasoma kwa sauti. Tahajia ya Kireno hutisha machoni, lakini sikio la Mswahili huitambua upesi: Quiloa ni Kilwa, Melinde ni Malindi, Macupa ni Makupa.

Makupa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine. Wareno waliweka vingome pale, na kwa macho ya leo unaweza kujiuliza vya nini, upande wa bara, mbali na mlango wa bahari. Nikaikunja karatasi, nikaenda. Leo magari ya Nairobi yanapita juu, lakini zamani maji yakipwa watu walivuka pale kwa miguu. Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, upande wa Zambezi, waliingia kisiwani kutoka bara mwaka 1589, miaka minne kabla ya Ngome ya Yesu kuanza kujengwa. Kwa hiyo aliyechora hakuwa akiitazama bahari tu. Mgongo wa kisiwa ulikuwa wazi, naye alijua.

Halafu kuna mwaka wenyewe. Agosti 1631 Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, aliwageuka Wareno na kuitwaa ngome. Waliirudia mwaka 1632, baada ya yeye kuondoka. Juu ya lango la ngome kuna maandishi ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, nayo ni ya 1635. Nimepita chini yake tangu utotoni. Safari hii nilisimama na karatasi mkononi nikausoma mwaka ule jiweni, kisha nikausoma tena kwenye mchoro, na kwa mara ya kwanza niliona vyote viwili ni kazi ya watu waliokuwa bado na hofu.

Sasa nimeanza mchoro wa Sofala, bandari ya kale ya Msumbiji. Nimeanza na majina.