Siku moja kwenye duka la dawa Newala, msimu wa salfa

Saa 1:30 asubuhi duka linafunguliwa. Kufagia, kupangusa rafu, kusoma kipimajoto cha ukutani na kuandika daftarini, kuvaa koti jeupe. Mpaka saa 3 ni dawa ya kikohozi, dawa ya minyoo na ORS.

Baada ya hapo ni macho. Mwezi wa 7 mikorosho ya huku Newala, juu ya uwanda wa Makonde, iko kwenye maua, watu wanapuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na lile vumbi la njano linakaa kwenye kola, kwenye kanga na kwenye kope. Karibu kila anayefika na jicho lililovimba anasema, "Dokta, nina chokea." Mimi si daktari, ni mtoa dawa wa duka la dawa muhimu, na wengi wanadhani kazi yetu ni kushusha boksi rafuni na kurudisha chenji. Lakini jicho lazima liangaliwe kwanza, maana mara nyingi linahitaji kitu ambacho hata hatukiuzi.

Chokea halisi hukaa ukingoni, pale unywele wa kope unapoota. Ni kijipu kidogo, chekundu, kinachouma ukikigusa, na siku ya pili au ya tatu huonyesha kichwa cha njano. Bakteria wameingia kwenye shina la unywele au kwenye tezi iliyo jirani yake. Kivimbe kilicho juu zaidi ya ukingo, kigumu kama choroko chini ya ngozi na kisichouma, mara nyingi ni tezi ya mafuta iliyoziba. Hicho huchukua wiki kadhaa, hata miezi. Magamba kama mba kwenye mashina ya nywele, macho yote mawili, yanawaka na kugandana asubuhi, ni uvimbe sugu wa kingo za kope. Huo hutulizwa kwa usafi wa kila siku, na ukiacha unarudi.

Saa 4 anaingia mama anayebangua korosho. Kope zote mbili zimetuna, zinawasha, ngozi inabanduka, hakuna kijipu. Natazama vidole: vyeusi. Hiyo si chokea. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, na ngozi ya kope ni nyembamba kuliko yote mwilini. Anapaswa kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso, sio baada. Yakiingia ndani ya jicho, ni kumimina maji safi mfululizo kwa dakika 15 hadi 20, kisha hospitali. Ameondoka bila kununua kitu.

Saa 5 na nusu anakuja kijana na kichupa kitupu.

"Dada, nipe kama hiki. Jirani alitumia, jicho likawa jeupe siku hiyohiyo."

Nasoma lebo: deksamethasoni. Hiyo ni steroidi, na hutolewa kwa cheti cha daktari. Namweleza kwamba ni kweli wekundu hufutika haraka, na hapo ndipo penye hatari. Steroidi inazima ugomvi wa mwili na vijidudu, lakini vijidudu vyenyewe inaviacha. Kama kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, kina kidonda, labda kwa kukwaruzwa na jani au mchanga, kidonda kinachimba huku jicho linaonekana limepoa. Ukizoea kuitumia, presha ya jicho inapanda kimyakimya.

"Sasa mbona mwenzangu kapona?"

"Mdogo wangu, chokea nyingi hupona zenyewe ndani ya wiki moja. Huenda hata maji yangemponya."

Anatoka, anarudi. Anataka nikitoboe kijipu chake kwa sindano. Sikitoboi, wala unywele haung'olewi: ukikikamua, usaha unasukumwa ndani ya ukope na uvimbe unasambaa. Anatoka tena, anapiga simu nje ya mlango, anarudi na bei ya duka jingine. Wateja watano wamepanga foleni nyuma yake. Mwishowe nachukua chupa ya chai, bakuli na kipande cha kanga kilichofuliwa, nikamwonyesha.

Maji yachemke kwanza, yapoe mpaka ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono iyavumilie bila kushtuka. Nawa mikono. Chovya kitambaa, kamua, fumba jicho, weka. Kitambaa hupoa ndani ya dakika mbili hivi, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakiacha kibaridi juu ya jicho, kisha wanasema haisaidii. Chovya tena na tena mpaka dakika 10 zitimie, mara 3 hadi 4 kwa siku. Kosa la pili ni kuacha siku ya pili kwa sababu uvimbe umeongezeka. Unaweza kuongezeka kabla ya kupasuka. Kijipu kikipasuka, futa kwa pamba safi yenye maji ya uvuguvugu, kutoka upande wa pua kwenda nje, mpito mmoja kwa pamba moja. Wanja usiguswe. Kitambaa kisitumiwe na mtu mwingine, na kichemshwe kila jioni. Huku juu maji hununuliwa kwa ndoo, ndiyo maana naonyesha kwa chupa ya chai: nusu lita inatosha.

Mafuta ya macho ya tetrasaiklini asilimia 1 natoa pale tu penye usaha au ukingo unaochuruzika. Vuta kope ya chini, weka mstari wa urefu wa punje ya mchele, mdomo wa tyubu usiguse jicho. Kuona ukungu kwa dakika chache ni kawaida. Tyubu iliyofunguliwa itupwe baada ya wiki 4, hata kama imebaki nusu.

Alasiri miguu imevimba, na saa ya ukutani siitazami tena. Wenye magamba nawaelekeza kusafisha kope kwa matone machache ya shampuu ya mtoto kwenye nusu kikombe cha maji. Bibi anayeng'oa kope zilizopinda kuingia ndani, nikamwandikia aende hospitali: mara nyingi ni dalili ya vikope (trakoma) vya muda mrefu, na kope hizo zinasugua kioo cha jicho na zinahitaji upasuaji mdogo.

Kisha mtoto mgongoni kwa mama yake. Ukope mmoja umevimba mpaka jicho halifunguki, mwili wa moto, analia akijaribu kugeuza jicho. Hapo hakuna kitambaa, hakuna tyubu. Maambukizi yanaweza kuwa yameingia nyuma ya jicho, na kuchelewa kunaweza kuchukua uoni, hata uhai. Mama anauliza kama angoje asubuhi. Hapana, mama, sasa hivi. Nimesimamisha bodaboda mwenyewe.

Daftari la rufaa, mstari wa mwisho: mtoto, miaka 4, ukope wa kushoto, homa, ametoka saa 11:40 jioni.