Nilivyolifuata neno "shule" hadi Ugiriki

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huu: maneno yanayofanana herufi yana asili moja, yasiyofanana hayahusiani. Ulinipotezea wiki nzima, na hadi leo nawasikia watu wakiutoa kwa uhakika kabisa.

Mwanzo haukuwa na shida. Bara tunasema shule, kutoka Schule ya Wajerumani. Zanzibar wanasema skuli, kutoka Kiingereza. Nikaandika daftarini na wenzake: scuola ya Kiitaliano, escuela ya Kihispania, école ya Kifaransa, szkoła ya Kipolandi, iskola ya Kihungaria. Kwa kufuata ushauri ule nikaifuta koulu ya Kifini kwa sababu haina s, nikaiingiza school ile ya Kiingereza yenye maana ya kundi la samaki, kwa kuwa herufi ni zilezile. Kote kuwili nilikosea. School ya samaki imetoka kwa Waholanzi wa zamani, schole, yaani kundi, wala haina undugu na darasa. Koulu ndiyo ndugu wa damu.

Aliyenifungua macho ni mji wa Stockholm. Wafini huuita Tukholma. Kifini cha zamani hakikukubali konsonanti zilizofuatana mwanzoni mwa neno, kikawa kinaziangusha za mbele na kubakiza ya mwisho. Ndiyo maana strand, neno la kale la ukoo wa Kiswidi, yaani ufuko, ikawa ranta, na skola ya Kiswidi ikawa koulu. Waestonia nao wana kool. Tangu hapo siikubali kanuni ya sauti mpaka nipate walau maneno mengine mawili yanayoitii. Chukua école: ile é imebaki mahali pa s iliyopotea, kwani zamani iliandikwa escole, kama étoile (nyota) ilivyokuwa estoile. Kihispania na Kihungaria viliibakiza s, vikaitangulizia irabu. Sisi huichomeka katikati: club ikawa kilabu.

Mtego ulionisumbua zaidi ni ysgol ya Kiwelisi. Maana yake ni shule, na pia ni ngazi. Inavutia kusema elimu ndiyo ngazi, ukafunga daftari. Ila ysgol ya shule imetoka Kilatini schola, na ya ngazi imetoka scala. Sauti zilibadilika hadi zikafanana. Maana mbili zikiungana vizuri mno, tafuta kwanza umbo la Kilatini la kila moja.



Kwenye maana usiruke hatua hata moja, hapo ndipo wengi huharibu. Kigiriki cha kale skholē ni wasaa, ile hali ya mtu kuwa na nafasi. Ikahamia kwenye mazungumzo ya wenye nafasi, kisha kwenye somo lenyewe, mwishowe mahali pa kusomea. Warumi waliipokea kama schola, ingawa shule ya watoto walikuwa wakiiita ludus, neno ambalo kwao lilimaanisha pia mchezo. Ule wasaa wa kale haujapotea: Mgiriki wa leo akimaliza kazi yake ya siku husema scholáo, natoka kazini.