Ekspoja tatu za baraza la Makoroboi

Mama watoto alikuwa anatafuta vyeti kwenye ile diski ya zamani, folda ya picha ikafunguka, na yule mdogo aliyekuwa amesimama nyuma yake akauliza, "Baba, mbona hii nyumba iko kama katuni?" Nikaenda kuangalia, kumbe ni ile ya Makoroboi. Nikamwambia hiyo ni HDR, yaani picha kadhaa za kitu kimoja zilizopigwa kwa mwanga tofauti halafu zikaunganishwa kuwa moja. Akanijibu simu ya mama nayo ina HDR na haitoi hivyo, na kweli haitoi, simu za sasa zinapiga fremu kadhaa kwa mkupuo na kuziunganisha zenyewe kabla hujashusha mkono. Sisi tulikuwa tunaunganisha wenyewe, usiku, tukiomba umeme usikatike. Ile picha sijawahi kumaliza kuifikiria ndiyo maana naandika.

Ilikuwa kipindi kile cha ile kamera ya shemeji, Canon 1100D. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, mabaraza. Aliyetembea mjini kati Mwanza, kuanzia Pamba Road ukishuka huku Makoroboi, anajua zile nyumba za maduka za zamani zilizojengwa na Wahindi, bati limetokeza mbele, chini yake kuna baraza la saruji, na maisha yote yako pale barazani: mafundi cherehani, wauza vitenge, wazee na magazeti yao. Sasa jua letu la hapa unalijua. Ukipima mwanga wa barabarani baraza linakuwa shimo jeusi, fundi hayupo kabisa. Ukipima wa barazani, fundi anatokea lakini barabara na anga vinaungua vinakuwa vyeupe pee. Nilikuwa naumia sana na hilo, maana kila picha ya mji wetu niliyokuwa naiona ilikuwa na kuta na paa na anga, watu wamemezwa na kivuli.

Ndipo nikasoma habari za HDR. Wazo lenyewe si geni hata kidogo, kuna Mfaransa mmoja, Gustave Le Gray, miaka ya 1850 alikuwa anapiga bahari kwa negativu moja na anga kwa negativu nyingine halafu anachapa zote kwenye karatasi moja, kwa sababu kemikali za wakati ule hazikuweza kubeba vyote viwili. Yaani shida yangu ya barazani ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 150! Hilo lilinipa moyo ajabu. Unapiga fremu tatu, ndizo ekspoja tatu, za kitu kilekile bila kusogeza kamera, moja ya kawaida, moja umepunguza mwanga stopu mbili, moja umeongeza stopu mbili, na kila stopu ni mwanga mara mbili, kwa hiyo kati ya ile nyeusi na ile nyeupe kuna tofauti ya mara 16. Kisha programu inachukua anga kutoka kwenye nyeusi na kivuli kutoka kwenye nyeupe.

Nilianzia Kamanga kwenye jiwe la Bismarck, lile la ziwani, kama kila mtu, ikawa ngumu, ziwa halitulii, wimbi linakuwa ukungu na mtumbwi mmoja unatokea mara tatu kwenye picha moja. Nyumba haitembei, nikajisemea, niende kwenye nyumba.

Nyumba yenyewe imetazama magharibi. Nilienda asubuhi, kwa sababu mchana wakati ule Makoroboi ilikuwa imejaa machinga kiasi kwamba hata miguu mitatu ya tripodi hupati pa kuiweka, na asubuhi maana yake jua liko nyuma ya nyumba. Anga kali juu, upande wa mbele wote uko kivulini, na ndani ya kivuli kile kuna kivuli kingine cha barazani. Kwa mpiga picha yeyote ni saa mbaya. Kwa HDR ndiyo saa yenyewe.

Fundi alikuwa ameshafungua. Mzee wa makamo ya marehemu baba yangu, cherehani ya kukanyaga, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamsalimia, "Mwangaluka, baba," akaitika vizuri, akauliza natoka halmashauri? Nikasema hapana mzee wangu, napiga picha ya nyumba, naomba na wewe uwemo. Akatazama tripodi, akatazama mimi. Nikamweleza kwamba kamera haiwezi kuona yeye alipo na kule nje kwa pamoja, kwa hiyo napiga tatu halafu naziunganisha.

Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Akasema, "Mimi nimekaa hapa ndani naona barabara yote mpaka kule kona, na hapohapo naona tundu la sindano. Sasa hiyo ya kwako inashindwa nini?"

Sikuwa na jibu fupi. Nilimwambia jicho linahama mzee, likienda nje linajibana, likirudi kwenye sindano linajifungua, na ubongo unakushonea vyote viwili unaona ni kitu kimoja. Kamera inatazama mara moja tu. Akafikiri. "Basi unaifundisha kutazama mara tatu," akasema. Mpaka leo sijasikia mtu aliyeielezea HDR vizuri kuliko pale, na alikuwa hajawahi kushika kamera.

Nikamwomba asitikisike. Nikaseti kamera ISO 100, f/8, nikaweka taima ya sekunde mbili ili kidole changu kisitingishe kamera, na Canon ile ukiiwekea taima inapiga zote tatu mfululizo. Mzee akaweka mkono mmoja juu ya kitambaa, mwingine kwenye gurudumu, akaacha kupumua kabisa, niliona kifua kimesimama. Tak, sehemu ya 60 ya sekunde. Tak, ya 250, huioni hata ikipita. Halafu ile ya tatu, ya 15, ambayo unasikia kabisa shata inafunguka, inangoja, inafunga. Katikati ya hapo mama mmoja akapita mbele yetu na beseni la dagaa kichwani, hakuwa na habari na sisi, na pindo la kitambaa kilichokuwa kinaning'inia mezani likapepea. Mzee hakumtazama yule mama. Jicho lake lilikuwa kwenye lenzi. Aliposikia kimya ndiyo akavuta pumzi, akauliza, "Imeshaona?"

Nikasema imeshaona, baba.

Usiku nikaziingiza kwenye Luminance HDR, ile programu ya bure, laptopu ikanguruma. Kuunganisha ni hatua ya kwanza tu, baada ya hapo una mwanga mwingi kuliko kioo cha kompyuta kinavyoweza kuonyesha, inabidi uubane, na njia za kuubana ziko nyingi, kuna Reinhard ambayo ni ya upole, kuna Mantiuk, kuna Fattal ambayo inakamua kila kijitu kidogo mpaka ukuta unaonekana una vinyweleo. Mimi nilichagua Fattal. Nilitaka kuona kila kitu na nilikiona: mawe ya kilimani nyuma ya paa, chokaa iliyobanduka, mchirizi wa maji ya mvua chini ya bati, nyuzi za rangi ukutani nyuma ya mzee, na uso wake. Mama wa dagaa alikuwa amebaki kivuli cha uwazi, beseni linaelea bila mtu. Pindo la kitambaa lilikuwa mawili. Mzee peke yake ndiye aliyekuwa mmoja, ametulia, mzima. Nilikaa nayo mpaka usiku mkubwa, nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza.

Nikaenda kuprinti nne, tatu za asili na ile iliyounganishwa, nikazipeleka. Mwenye nyumba naye alikuwepo, amekuja kwa mambo ya kodi. Akaichukua iliyounganishwa, akaitazama kwa adabu, akasema, "Kijana, umeizeesha nyumba yetu." Akanionyesha nyufa kwa kidole, moja baada ya nyingine, nyufa ambazo zipo kweli, ukisogea unazigusa. Akachagua ile ya kawaida, yenye baraza jeusi, nyumba imesimama safi na mistari yake imenyooka. Akauliza kama anaweza kubaki nayo.

Fundi akachagua ile nyeupe. Ile ambayo barabara yote imeungua, anga hakuna, mama wa dagaa ni ukungu. Lakini mzee anaonekana, na cherehani yake, na mwanga laini wa barazani ambao hakuna chombo chochote kilichoubana. Nikamwambia lakini baba, hii nyingine ina nje na ndani, si ndivyo ulivyosema unavyoona? Akasema, "Ndiyo. Lakini hapa nje napaona kila siku. Mimi ndiye sijawahi kujiona nikiwa kazini."

Baadaye nilirudi jioni, jua likiwa limegeukia upande wa ziwa na kumulika mbele ya nyumba moja kwa moja. Fremu moja ilitosha, kila kitu kiliingia, na mzee alikuwa ameshafunga.

Mimi bado naona ile iliyounganishwa ndiyo iko karibu zaidi na asubuhi yenyewe, na nyufa zake na beseni linaloelea. Lakini watu wawili ambao nyumba ni yao, mmoja kwa hati na mwingine kwa miaka ya kukaa pale, kila mmoja aliipita. Siku hizi nikipiga mabaraza bado napiga tatu, nabana kidogo tu, nyufa naziacha zififie na kivuli nakiacha kibaki kivuli, ila uso wa aliyekaa ndani lazima utoke. Hapo nimemridhisha mwenye nyumba nusu na fundi nusu, na kama hiyo ni picha sahihi au ni maelewano tu kati ya watu wawili ambao hawajawahi kuniomba niwapatanishe, sijui, kwa kweli sijui, na wenzangu mnaopiga majengo yenye watu ndani ningependa kusikia nyinyi mnamprintia nani.