Mkanda Uliposogea

Mwaka 2019 nilikuwa ofisa wa usalama na mazingira katika kiwanda kimoja cha sukari nje kidogo ya Kisumu. Wakubwa walitaka vyeti viwili vya viwango vya kimataifa: ISO 14001 ya mazingira na ISO 45001 ya usalama kazini, iliyotoka 2018 kuchukua nafasi ya kiwango cha zamani, OHSAS 18001. Nikaandika taratibu usiku na mchana. Kamati ya usalama tulikuwa nayo, maana sheria ya Kenya ya usalama kazini ya 2007 inaidai popote penye wafanyakazi 20 au zaidi, ila ilikuwa imepita miezi bila kukaa.

Asubuhi moja mkanda unaopeleka makapi ya miwa kwenye boila ulikwama. Fundi mmoja wa makamo, sote tukimwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, akaingia chini yake kuyachokoa. Swichi iko chumba kingine. Kijana wa zamu alidhani kazi imeisha, akabonyeza.

Mkanda ulisogea kama shubiri mbili hivi, watu wakapiga mayowe, ukazimwa. Jaduong' alitoka mkono wa ovaroli umechanika hadi kwapani. Akaketi kwenye ngazi, makapi yamemjaa mvi, viganja vinamtetemeka. Nilipomkaribia aliniambia taratibu, "Mwanangu, karatasi zako ziko ofisini. Mimi nilikuwa huku."

Utaratibu wa kufunga swichi nilikuwa nimeuandika kwa mkono wangu. Makufuli yenyewe hayakuwa yamenunuliwa.

Siku hiyo hiyo nilikwenda mjini na mtu wa stoo. Kila fundi akapewa kufuli lake lenye jina na ufunguo mmoja tu: unafunga swichi kabla ya kuingia, na hakuna mwingine wa kulifungua.

Vita kubwa ilikuwa juu ya yule kijana. Walitaka kumfuta. Nilikataa katakata, kwani angefukuzwa, nani tena angethubutu kusema kitu? Yeye ndiye aliyejaza fomu yetu ya kwanza ya ajali tuliyoponea chupuchupu, mistari minne, kwa hati ya kukwaruza. Wiki iliyofuata zikaja sita. Moja ilitoka gereji: mvua ikinyesha, oili chafu inafuata mtaro hadi mtoni, na mto ule unamwaga ziwani. Nilikuwa nimeupita mtaro huo kila siku. Tukachimba shimo la kunasia oili.

Jaduong' alitia ufunguo wake kwenye uzi, akauvaa shingoni pamoja na rozari.