Mkufu wa Feruzi Mjini Dodoma

Mkufu wa feruzi na makombe alioniletea dada yangu kutoka New Mexico, Marekani, nimeuvaa kanisani Jumapili mbili sasa, na kila mara akina mama huugusa wakidhani ni krisoprasi, jiwe la kijani la Haneti, huku kwetu Dodoma. Kosa hilo halinikeri, ingawa kijani cha jiwe letu hutokana na nikeli, ilhali buluu ya feruzi huletwa na shaba. Wanavajo, wenyeji asilia wa pande hizo za Marekani walioanza kufua fedha katika karne ya 19, huyapa mawe na makombe ya baharini maana inayozidi urembo: katika milima yao mitakatifu, kombe jeupe ni la mashariki, feruzi ni ya kusini, abaloni, kombe linalong'aa rangi nyingi, ni ya magharibi, na jeti, aina ya jiwe jeusi, ni ya kaskazini. Makombe hayo yalifika kwao kwa biashara, maana nao, kama sisi wa Dodoma, wako mbali na bahari.

Ninachokipenda zaidi katika mkufu huu ni kasoro zake. Shanga hazilingani, moja ina mshipa wa kahawia uliopinda kama njia ya mbuzi, na kingo za makombe zimesuguliwa hadi zikalainika. Plastiki niliyouziwa mwaka jana kwa jina la feruzi ilikuwa sawasawa mno, tena ilichuja rangi kwa jasho.