Uniheshimu Mbele ya Wazee

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki nzima nimekwama kwenye 1 Samweli 15, mstari wa 30. Sauli ameshaambiwa kwamba ufalme umeondolewa kwake. Anakiri kosa, kisha papo hapo anamsihi Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake. Kiti kimekwenda, hamu ya heshima imebaki. Hamu hiyo naijua. Nikiitwa jina langu tupu mbele za watu, bila cheo, kuna kitu moyoni kinanung'unika, na miaka yangu ya wokovu haijakinyamazisha.

Ndipo nikamkumbuka Jean-Bédel Bokassa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Alikuwa na miaka 6 baba yake alipouawa chini ya utawala wa Kifaransa, na mama yake akafariki muda mfupi baadaye. Yatima huyo akasomeshwa na wamisionari, akaingia jeshi la Ufaransa, akapanda vyeo. Usiku wa kuamkia 1966 akampindua Rais David Dacko, ndugu yake wa ukoo. Urais haukumtosha, akajifanya rais wa maisha. Nao haukumtosha, akawa marshali. Tarehe 4 Desemba 1977, mjini Bangui, akaketi kwenye kiti cha dhahabu chenye umbo la tai, akatwaa taji la kaizari na kujivika mwenyewe, kama Napoleon wa Ufaransa. Papa alialikwa, hakwenda. Waebrania 5:4 mnaifahamu: hakuna ajitwaliaye mwenyewe heshima hii.

Sherehe ile inakadiriwa kugharimu dola milioni 20. Lakini kinachonikosesha usingizi ni sare za shule. Mwanzoni mwa 1979 wanafunzi waliandamana kwa sababu walilazimishwa kununua sare ghali, na biashara yake ilikuwa mikononi mwa familia ya mtawala. Wengine walipigwa risasi. Mwezi wa Aprili watoto wakakamatwa, wakajazwa katika gereza la Ngaragba, na takribani 100 wakafa humo. Watoto, jamani! Samweli alikuwa ameshaonya kwamba mfalme atawatwaa wana wenu.

Sasa niseme na sisi tuliookoka, maana kumcheka Bokassa ni rahisi. Kiongozi wetu anasimikwa: kamati, kadi za mchango, vitenge vya sare, keki, viti vya kukodi, mama mjane anatajwa kwa kipaza sauti kwamba bado hajakamilisha ahadi yake. Juma hilohilo mtoto wa mjane huyo amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Tunaimba "utukufu kwa Mungu" huku tumemkalia mtoto. Wachungaji wangu, shemasi wangu, tumeanza lini kuona hili ni sawa? Punguzeni sherehe. Kama ni lazima kuwe na keki, anunue anayesimikwa.

Septemba 1979, Bokassa akiwa Libya, wanajeshi wa Ufaransa wakamrudisha Dacko madarakani. Mwaka 1986 akarudi mwenyewe, akitumaini kupokelewa. Akakamatwa, akahukumiwa kifo, adhabu ikapunguzwa, akaachiwa 1993. Hata hapo alijiita mtume wa kumi na tatu. Alikufa 1996.

Wiki hii tuziombee familia za watoto wa Ngaragba. Na katika kila jumuiya, mwenye kumjua mtoto aliyekosa shule kwa ajili ya sare amwambie mzee wa kanisa kimyakimya kabla ya Jumapili. Jina lisisomwe madhabahuni.