Mgomba si mti

Jumamosi nilikuwa kihambani, yaani shamba la nyumbani, huko Marangu, Kilimanjaro, namsaidia babu kukata migomba iliyokwisha kuzaa. Nikajitia ujuzi: "Babu, wataalamu wa mimea wanasema mgomba si mti, uko kundi moja na majani." Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Majani gani yanabeba mkungu wa kunishinda mimi?"

Nikapiga panga mara moja tu, shina likakatika, maji yakanitiririkia mkononi. Nikamwonyesha ndani: ala za majani zimekumbatiana duara juu ya duara kama kitunguu, ubao hakuna hata kidogo. Shina lenyewe liko ardhini, lile tunguu linalotoa machipukizi.

Kinachotuvuruga, nadhani, ni kwamba neno la Kizungu la kundi hili, "herb", ndilo tunalolitafsiri "mitishamba", basi mtu anawaza dawa ya kikohozi. Kumbe hapa dawa haihusiki. Swali ni ubao upo au haupo. Mwarobaini ni dawa, na ni mti kamili. Mchicha hauna ubao, mgomba vilevile, japo huu unapita paa la nyumba.

Babu akanisikiliza, kisha akaniamuru nibebe hayo "majani" mpaka kwa ng'ombe. Mgongo bado unaniuma.